Mwanamke wa Ziwa

Nanzala hakuwa anasikiliza mambo ya watu. Alikuwa anafua. Karai lake lilikaa pale karibu na bafu ya mabati kwa sababu maji machafu humwagwa upande huo, na kama mume wa mtu ameingia bafu na simu badala ya sabuni, kosa si la anayefua.

"Ziwa imekataa, buda," Wabuge alikuwa akisema mle ndani, sauti chini. "Inakua tu kila siku." Akanyamaza, akasikiliza. "Nakwambia sasa hata sweta haifichi. Na zile tembe ulisema zitashukisha, mbona hazishukishi?" Akanyamaza tena. "Hajui. Mama Marion akijua, mimi nimekwisha."

Nanzala akalikamua shuka mpaka likakaribia kuomba msamaha.

Kutoka mtaani kwao Kiplombe kwenda Ziwa si safari ya kuagana na watu. Ni sokoni tu, kaskazini ya Eldoret, mahali pa mahindi na ng'ombe wa maziwa, na kila siku ya soko lori la nafaka lilimbeba Wabuge na wenzake kwenda kupakia magunia huko. Nanzala aliunganisha mambo akiwa ameinama hivyo hivyo juu ya karai. Mume anaenda Ziwa. Huko Ziwa kuna kitu kinakua. Sweta haikifichi. Kuna tembe za kukishukisha. Mtu aliyewahi kuzaa hahitaji kuelezwa zaidi.

Mengine yakaja yenyewe. Wabuge alikuwa ameanza kulala na sweta. Alisema ni baridi, kana kwamba Eldoret imeletewa baridi juzi. Akibadilisha nguo aligeukia ukuta. Na Marion, aliyeachishwa kunyonya kwa shubiri na bado ana kinyongo, akimpandia babake kifuani, Wabuge alimsukuma kando kama mtu aliyeguswa na kaa la moto. Nanzala alidhani ni uchovu wa magunia. Sasa akaona moyo wa baba umeshahamia kwa mtoto mwingine.

Mlango wa bafu ukafunguka. "Mama Marion. Kumbe uko hapa."

"Ningekuwa wapi?"

"Mimi natoka. Lori linaenda soko la Ziwa."

"Najua. Wasalimie."

"Nani?"

"Watu wa Ziwa."

Wabuge alimtazama kidogo, akavuta zipu ya jaketi mpaka kidevuni, akaenda zake.

*

Sasa, huyo mwanamke wa Ziwa hakuwepo. Afadhali ijulikane mapema kabla watu hawajaanza kumtukana. Kilichokuwepo kilikuwa chini ya sweta ya Wabuge mwenyewe, upande wa kushoto kikubwa kuliko wa kulia, kigumu katikati kama kokwa, na kiliuma hata kikiguswa na shati.

Kilianzia kwa Vincent. Vincent ana jimu ya mabati hapo Kiplombe, na ndiye huwatafutia vilabu vya mjini mabaunsa wa kusimama mlangoni. Alimwambia Wabuge kazi ya mlango ni yake, ila kifua alichokuwa nacho kilikuwa cha mwalimu wa chekechea. Akamwanzishia sindano. Na sindano hazikudanganya, kifua kilikuja. Tatizo ni kwamba hakikujua mahali pa kusimama.

Vijana wa jimu wana neno lao kwa hilo. Hakuna mwanaume anayetaka kutaja titi lake mbele ya watu, kwa hivyo mmoja wao, aliyebakiwa na Kiswahili cha darasani, alikumbuka kwamba ile kitu mtoto hunyonya mwalimu aliiita ziwa. Tangu hapo anayevimba husemwa amefika Ziwa. Akivimba pande zote mbili, amefika Ziwa akarudi. Ukiwasikia wakiulizana "Ziwa ikoje?" utadhani ni wanunuzi wa mahindi. Tembe za kuzuia uvimbe, Vincent alikuwa nazo pia, aliziuza bila boksi, na ushauri wake ulikuwa mfupi: meza hizi, sindano usiache.

Wabuge alimeza. Ziwa haikusoma ushauri.

*

Nanzala alizipata tembe ndani ya soksi, soksi ndani ya gambuti, gambuti chini ya kitanda. Mtu asiye na hatia hafichi kitu kwa ngazi tatu.

Kwenye duka la dawa mjini alimkuta msichana mmoja mpole, jina Chepkoech limebandikwa kwenye koti lake jeupe. Alizigeuza tembe, akasoma maandishi ya mgongoni.

"Hizi ni za nani, mama?"

"Za mtu."

"Huyo mtu anatibiwa kansa ya matiti?"

"Kansa? Hapana. Ana mimba."

Chepkoech akaziweka juu ya kaunta polepole. "Mwenye mimba asimeze hizi. Zinaweza kumwumiza mtoto huko ndani. Nani alimpa?"

"Mwanaume."

"Mwambie aache leo leo, aende kliniki." Akamwangalia Nanzala tumbo. "Ni wewe?"

"Ingekuwa ni mimi nisingekuwa nauliza. Ningekuwa napiga mtu."

Alitoka pale na mipango yake imeharibika. Tangu asubuhi alikuwa amepanga vizuri kabisa: kufika Ziwa, kumshika huyo mtu nywele, na hata hereni alikuwa ameshazitoa. Sasa utampigaje mtu anayelishwa sumu? Lazima kwanza umwambie asimeze, umkalishe chini, umpe kitu anywe, ndipo umpige, na kufikia hapo mkono umeshapoa. Akajikuta amenunua mkate na pakiti ya maziwa. Alijitukana njia nzima.

Alipitia kwa jirani yake, Mama Maximilla, kumwachia Marion. Mama Maximilla ndiye mkubwa wa kina mama wa maombi pale mtaani.

"Unaenda wapi na mkate?"

"Ziwa."

"Kuna mgonjwa?"

"Kuna mwanamke. Wa Baba Marion. Ana mimba, Mama." Alijua amekosea kabla mdomo haujafunga. Mama Maximilla anajua kutunza siri. Huwa anaitunza pamoja na watu wengi.

*

Jambo ambalo Nanzala hakulifikiria ni kwamba siku ya soko, Ziwa ina wanawake wajawazito wengi kama kabeji. Alianza na mmoja aliyekuwa amekaa nyuma ya rundo la vitunguu.

"Dada, unamjua mtu anaitwa Wabuge?"

"Ananunua au anauza?"

"Anabeba."

"Hapana. Vitunguu je?"

Wa pili alikuwa msichana mdogo mwenye sweta kubwa, na hapo Nanzala moyo ulimpanda. "Wewe, kuna tembe nyeupe umekuwa ukimeza?"

"Za kuongeza damu. Za kliniki."

"Ulipewa na mwanaume?"

"Nilipewa na sista." Msichana akaita upande, "Mama, njoo, kuna mtu hapa anauliza damu yangu." Mama yake akaja akiwa na kisu cha kukatia sukuma wiki, na Nanzala akaona aendelee na safari.

Lori alilikuta nyuma ya stoo ya mahindi. Wapakiaji walikuwa vifua wazi, gunia moja tupu begani la kuzuia mikwaruzo, jasho linawatiririka. Wabuge peke yake alikuwa na sweta, na juu ya sweta jaketi, na jua lile. Alikuwa anang'aa kama mandazi kwenye mafuta.

"Baba Marion."

Gunia lilimtoka begani. "Mama Marion? Marion amefanya nini?"

"Marion yuko salama. Nimekuja kumwona huyo msichana."

"Msichana gani?"

"Wa Ziwa. Yule anakua. Yule sweta haimfichi. Nilikusikia kwa bafu, usinichoshe."

Wapakiaji waliacha kazi. Shitanda, aliyekuwa juu ya lori na ambaye mdomo wake hubeba mizigo mingi kuliko mgongo, aliketi juu ya magunia ajistareheshe.

Wabuge alielewa polepole, na ilionekana usoni jinsi anavyoelewa. Mbele yake kulikuwa na njia mbili tu. Akisema hakuna mwanamke, ataulizwa Ziwa ni nini, na kinachokua ni nini, na mbona yeye havui sweta. Akisema yuko, basi. Alitazama wenzake, vifua vyao vya kawaida vya watu maskini.

"Yuko," alisema.

Shitanda akapiga mluzi. "Kumbe. Na tulikuwa tunafikiri wewe ni wa kwaya."

"Mwanaume ni mwanaume," mwingine akasema, na mmoja akampiga Wabuge bega kwa heshima ambayo hakuwahi kuipata kwa kubeba magunia.

Nanzala hakulia. Alifungua mkoba, akatoa zile tembe. "Sawa. Nipeleke kwake. Hizi unazompa zinaua mtoto. Nimeambiwa na wa duka la dawa. Nilikuja kumpiga, lakini kwanza asife."

Mkate ulikuwa umechungulia kwenye mkoba, na pakiti ya maziwa, na Wabuge aliviona vyote viwili. Akamshika mkewe mkono, akampeleka nyuma ya stoo, mahali magunzi hutupwa.

"Yuko wapi?"

Wabuge alivuta zipu. Akapandisha sweta, na fulana chini ya sweta, na kitambaa alichojifunga chini ya fulana. "Ziwa ndiyo hii," alisema.

Nanzala alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa ngumi, kwa mapacha hata. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Aliangalia upande wa kushoto, akaangalia wa kulia, akarudi kushoto. Akanyoosha kidole.

"Usiguse. Inauma."

"Najua inavyouma. Mimi nimenyonyesha." Kisha akasema, "Na ile sindano ya Vincent ulisema ni ya vitamini."

"Niliambiwa nikizidisha hii dawa ya kiume nitakuwa mwanaume zaidi."

"Na umekuwa nini?"

Wabuge alishusha sweta. "Usiwaambie wale."

"Wewe umewaambia una mwanamke nje."

"Afadhali hiyo."

Nanzala alikaa juu ya magunzi, akafungua pakiti ya maziwa, akayanywa yote mwenyewe.

*

Daktari Mercy wa kliniki hakucheka, na jambo hilo lilimtisha Wabuge zaidi ya kama angecheka. Benchi la nje lilikuwa la kina mama watupu, na muuguzi alikuwa ameita jina akimtazama Nanzala. Aliposimama Wabuge, muuguzi alisoma karatasi mara ya pili.

"Mwili ukijazwa homoni ya kiume kupita kiasi," daktari alisema akibonyeza pole pole, "hauiachi ikae bure. Nyingine huigeuza kuwa ya kike. Halafu inafanya kazi yake. Hii ndiyo kazi yake."

"Daktari, si uniongeze zile tembe, lakini za nguvu?"

"Huwezi kuwa unamwaga maji kwa mlango wa nyuma na bomba la mbele liko wazi. Kwanza sindano inaachwa. Hizo tembe ni dawa kweli, lakini hazimezwi kwa kukisia. Zinaweza kugandisha damu. Tutapima damu, tutapima ini, ndipo nitajua kama unazihitaji. Kama uvimbe bado ni mpya unaweza kupungua wenyewe. Ukishakomaa, ni upasuaji."

"Na mwili utarudi vile ulikuwa?"

"Utajisikia mnyonge kwa muda. Nguvu zitashuka, hata hamu." Daktari alimtazama Nanzala. "Mama, utamvumilia?"

"Nimezoea," Nanzala alisema. "Tangu Pasaka analala na sweta."

Vincent aliposikia sindano zimeachwa hakubishana. Alisema tu kazi ya mlango imepata mtu mwingine.

*

Lakini mwanamke wa Ziwa alikuwa ameshazaliwa, na sasa alikuwa anatembea Kiplombe peke yake bila kushikwa mkono.

Kwenye bomba la maji, wanawake walinyamaza Nanzala akifika. Hellen, anayepitisha maziwa asubuhi, alimjazia kikombe mpaka kikafurika, akamshika bega, akasema pole bila kusema ya nini. Mwenye bucha alimwongezea mfupa. Hakuna kitu kinachouma kama mfupa wa kuhurumiwa, na Nanzala aliupika hivyo hivyo, akanywa supu kwa hasira. Kuna aliyesema huyo msichana ni mwalimu. Kuna aliyesema ana shamba Moi's Bridge. Kuna aliyemwona kwa macho yake, mweupe, mwenye mwanya.

Wabuge kwa upande wake alipata jina kazini. Walimwita Shemeji ya Ziwa. Shitanda alikuwa akimwachia kiti cha mbele ndani ya lori.

"Leo wameninunulia soda," alimwambia mkewe jioni moja, na kosa lake lilikuwa kutabasamu kidogo.

Nanzala aliweka mwiko chini. "Wewe wanakununulia soda. Mimi wananiombea."

"Ikishuka nitawaambia tumeachana naye."

"Na mimba?"

Wabuge alifikiri. "Iliharibika."

"Baba Marion, unataka watu waje kunipa pole tena kwa mimba iliyoharibika ya mwanamke ambaye ni wewe."

"Sasa nifanye nini? Nitembee nikitangaza?"

"Mimi sijakwambia utangaze. Nimekwambia nimechoka kumbeba."

*

Kina mama wa maombi walikuja Jumamosi mchana, bila kuitwa, wakiongozwa na Mama Maximilla mwenye kitambaa cheupe. Walijaa kwenye sebule, wengine wakakaa kwenye mkono wa kochi. Wabuge alikuwa amejipumzisha chumbani, na kati ya chumba na sebule kulikuwa na pazia tu. Hakuwa na pa kutokea. Akajilaza kimya kama mtu aliyekufa, kwa ufundi.

Walianza na wimbo. Kisha Mama Maximilla akasimama kuomba, na Mama Maximilla akiomba hata ng'ombe wa jirani huacha kula.

"Baba, tunaleta mbele zako mwanamke wa Ziwa. Aliyevimba kwa dhambi. Baba, mshukishe. Palipojaa pakauke. Palipoinuka paanguke. Asionekane tena katika boma hii."

"Amina," wakasema wanawake, na sauti moja nzito kutoka nyuma ya pazia ikasema amina pia, tena ya moyo wote. Wanawake waliangaliana. Nanzala aliuma midomo.

Baada ya maombi ikaja sehemu ya mawaidha, na hapo Mama Maximilla alivuta stuli karibu, akashusha sauti.

"Sasa, Mama Marion. Wewe ni kama binti yangu. Tuseme ukweli. Mwanaume hatoki nyumbani bure. Chakula unampa kwa wakati?"

"Nampa, Mama."

"Unajitengeneza? Au akiingia anakukuta na hiyo leso ya jikoni?"

"Wakati mwingine ananikuta nayo."

"Unaona. Na kitandani umewahi kumkataa?"

Chumbani Wabuge alifungua macho. Ni yeye aliyekuwa anamkataa. Tangu Pasaka, na sweta, na kugeukia ukuta, na visingizio vya baridi. Alingoja asikie Nanzala akisema hivyo. Angesema tu hivyo, nusu ya ukweli, angekuwa amejitoa.

"Labda kuna mahali nilikosea, Mama," Nanzala alisema.

"Hapo sasa," Mama Maximilla akasema kwa kuridhika. "Hapo ndipo uponyaji unaanzia. Piga magoti tukuombee roho ya unyenyekevu. Na huyo mtoto akizaliwa, umpokee."

Stuli ilisogezwa. Ikasikika sauti ya mtu anayepiga magoti kwenye saruji.

Pazia likafunguka. Wabuge alisimama mlangoni na suruali, miguu mitupu, na sweta ameishika mkononi. Hakuwa amevaa kitu kingine. Kifua kilikuwa kama kilivyokuwa, mabega ya jimu, misuli ya magunia, na katikati ya fahari hiyo yote, mambo mawili ambayo kila mwanamke mle ndani alikuwa nayo.

"Mama Maximilla," alisema. "Mke wangu hajakosea. Hakuna msichana. Nilidunga sindano za kutafuta kazi, nikavimba. Ziwa ni hii. Mwanamke mnayemwombea ni mimi."

Nje kuku alipita. Hellen alifunika mdomo kwa kitambaa, na mabega yake yakaanza kutikisika, na haikujulikana kama analia. Wabuge alibaki pale, masikio yakimchoma, akitazamwa.

Mama Maximilla alitoa miwani kwenye mkoba, akaipangusa, akaivaa. Aliangalia kwa muda unaostahili.

"Ya kushoto imezidi," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Umeonwa na daktari?"

"Nimeonwa. Nimeacha sindano. Imeanza kulegea kidogo."

"Vaa, mwanangu, usipigwe na baridi." Akavua miwani. Uso ukambadilika, kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni. "Bwana anisamehe. Nimemlaani mtu wa hapa hapa nyumbani. Mama Marion, inuka hapo chini. Tusimame wote, nifute yale maneno. Yale ya kukauka na ya kuanguka, yote niyarudishe."

"Hapana, Mama," Wabuge alisema haraka, sweta ikiwa nusu kichwani. "Hayo ya kukauka yaache tu."

Nanzala, bado kwa magoti, alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika saruji kwa mikono miwili, na wanawake wakamfuata mmoja mmoja, hadi Mama Maximilla mwenyewe. Wabuge alingoja wamalize. Hawakumaliza upesi. Akaenda akamshika mkewe kwapani, akamwinua, akamkalisha kwenye kochi, kisha akainama akampangusa vumbi la magoti mbele ya watu wote.